Kisanduku cha Vitu Visivyokaa

Kisanduku aliniundia baba, Kamukunji,
kwa bati jepesi na ribiti kumi na tisa,
akaniuliza kitahifadhi nini.
Nikamwambia hakitahifadhi kitu. Kitahesabu
vinavyopita.

Alicheka, nyundo ingali mkononi.
Fundi wa masanduku ya shule, ya bweni, yenye komeo,
hakuwahi kuuza sanduku la vitu visivyokaa.

Sasa kiko juu ya paa, Chiromo, chini ya turubai,
na kunguru wamekizoea.
Ndani yake chembe zinagonga, tik, tik-tik,
watoto wa miale iliyofyatuliwa na nyota
zilizokufa kabla ya mtu yeyote kuitwa Nzioki.
Zinapita bati, zinapita zege, zinapita
kiganja changu kilichoshika kikombe cha chai,
wala hazipigi hodi.

Mia nne na kumi kwa dakika, ndiyo kawaida yetu.
Huku karibu na ikweta ngao ya dunia ni nene,
mistari ya sumaku imelala kama kamba za kuanikia nguo;
hupenya zile zenye mbio kupindukia tu.

Usiku wa kuamkia Jumanne, saa nane, hesabu ikaanguka.
Mia nne. Mia tatu tisini na tano.
Mia tatu themanini na tatu.
Nikatikisa waya. Nikailaumu stima,
nikawalaumu kunguru waliolala.

Kisha habari za jua zikafika:
siku mbili nyuma lilikuwa limetema
tonge la moto na sumaku,
na tonge hilo, likipita, lilifagia njia,
likazitimua chembe za mbali
kama kanjo na wachuuzi wa River Road.

Saa tisa na robo hesabu ikainuka,
sita tu, kisha ikashuka tena.
Hapo ilikuwa ngao yenyewe:
dhoruba ililegeza kamba,
na wachache ambao siku zote hurudishwa mlangoni
wakapenyeza bega.

Asubuhi nikampigia baba.
Nyuma yake Kamukunji ilikwisha kuanza kugonga.
"Kwa hiyo jua likikasirika, tunapigwa kidogo?"
Na hizo za mbali tu, nikasema.
Akanyamaza. Miaka thelathini na minne
amefua bati chini yake,
hata jina la kazi yake ni jua kali;
shingo yake inalijua kuliko vyombo vyangu.
"Limenikinga usiku, nikiwa nimelala," akasema.
"Lisidhani tumelipana."

Hesabu ilichukua siku sita kurudi,
kidogo kidogo, kama wachuuzi wale wale:
kwanza mwenye karanga, kisha mwenye soksi,
kila mmoja akichungulia pembeni
kabla ya kutandika gunia.

Jumatatu niliandika, kwa penseli,
mia nne na tisa.
Moja haijarudi.