Mkanda wa Mwisho

Tiketi ilikuwa gogo moja la mwaloni,
au mawili ya mti laini. Watoto nusu.
Shangazi Guranda aliyapokea mlangoni, akayapima kwa jicho,
akamrudisha fundi viatu na gogo lake bichi:
"Hili litatuliza kabla ya picha. Kalianike."
Ndivyo tulivyoingia sinema Kutaisi, kipupwe kile
umeme ulipokuja mjini kama mgeni asiyevua koti.

Nasi hatukuvua. Tulikaa na makoti, na kofia,
na mbegu za alizeti mifukoni;
maganda yakidondoka sakafuni, cha, cha, cha,
mvua ndogo ya watu wasio na haraka.
Mbele yangu daima alikaa Bi Lamara wa duka la dawa.
Kofia yake ya manyoya ilimega robo ya kila picha ya utoto wangu:
sijawahi kuuona mkono wa kushoto wa shujaa yeyote.

Sauti ilikuwa moja.
Otia, mwalimu wa Kijerumani kabla shule hazijafungwa,
alijifungia chumba cha mitambo na kipaza sauti
akatufasiria wote: jambazi, hakimu, bibi harusi,
mtoto mgonjwa, na farasi, mara moja.
Alikuwa na mafua tangu Novemba hadi Machi.
Wapenzi waliposogeleana hadi pumzi zikagusana
tulisikia, "Sitakuacha kamwe,"
kisha pua ikavutwa.
Hakuna aliyecheka. Nilidhani ndivyo mapenzi yanavyosemwa:
na mtu mwenye homa,
polepole, akitafuta neno.

Jumamosi moja ikaja picha ya mwanamke mwenye tundu la ndege.
Amemtoroka mume, amefika kituo cha treni,
filimbi imelia, mguu mmoja uko juu ya ngazi ya behewa,
mguu mmoja bado chini,
giza.
Ukumbi mzima ulitamka kwa pamoja
neno ambalo shangazi alinikataza.

Tukasikia viatu vikishuka ngazi.
Otia, bila kipaza sauti, akasimama katikati yetu.
"Akapanda," akasema.
Akaendelea kwa nusu saa: theluji dirishani,
mkaguzi wa tiketi aliyejifanya hakumwona,
dada yake upande wa pili na birika la chai,
ndege aliyekataa kuimba hadi walipovuka mpaka.
Bi Lamara alilia waziwazi.
Na kofia yake gizani haikunizuia kitu:
niliona kila kitu, hata mikono ya kushoto.

Miaka ishirini na mitatu baadaye, Hamburg,
wiki ya picha za zamani. Euro kumi na moja.
Kiti cha mahameli kilinimeza, mbele yangu hakuna mtu,
na yule mwanamke alikuwa na sauti yake mwenyewe,
nyembamba, safi, haina hata kikohozi.
Nilimwonea aibu, sijui kwa nini.
Filimbi ikalia. Mguu mmoja juu, mguu mmoja chini.
Akautazama ule wa juu,
akaushusha.
Akarudi nyumbani na tundu lake, kwa miguu, dakika nne,
na majina yakaanza kupanda.

Mfagiaji aliniuliza kama nimepoteza kitu.
Nilitazama chini: sakafu safi, hata ganda moja.

Nikampigia shangazi usiku uleule.
"Mkanda wa mwisho haukufika kwetu," akasema.
"Ulipotelea Batumi, au waliuuza, nani ajuaye."
"Kwa hiyo umeme kukatika pale pale..."
"Umeme ulikatika kila siku, mwanangu.
Ila siyo Jumamosi ile.
Swichi ilikuwa karibu na goti la Otia."

Nilimsikia akichochea jiko.
Akauliza huko wanatoza kiasi gani.
Nikamtajia.
Akanyamaza, akihesabu, nadhani, kwa magogo.
"Mtu mmoja?" akasema. "Na ukumbi una moto tayari?"