Kola

Kamera ni ya idara, yarudi Ijumaa saa kumi,
tumeitilia sahihi watatu: Kombo, Nyamvula, mimi.
Dakika tano, alisema Mwalimu Wakio,
dakika tano za mtu na kazi yake. Msinipambie.

Tukaenda Guraya kwa Mwinyikai, dobi,
kibanda cha mabati, meza iliyovikwa blanketi,
pasi ya makaa yenye jogoo wa shaba juu ya komeo.
Nikamwambia, fanya kama hatupo.
Akatutazama: watu watatu,
na mguu mmoja wa kamera ndani ya beseni lake la maji.
"Na mpo," akasema.

Mara ya kwanza, kunguru.
Mara ya pili wingu likatunyang'anya jua.
Ya tatu aliikodolea lenzi, shingo kaikaza
kama mtu wa picha ya kitambulisho.
Ya nne, kunguru. Ya tano, kunguru yule yule,
Nyamvula akavua visikizio: "Huyu naye ataka jina mwishoni."
Ya sita, adhana. Tukazima.
Mwinyikai akenda kuswali, akarudi, akachochea makaa upya,
na shati lilikuwa lile lile,
jeupe, la mikono mirefu, la Bwana Faraj,
la harusi ya Jumamosi,
limenyooka tangu asubuhi,
naye alinyoosha lililonyooka
kwa ajili yetu.

Yeye apiga pasi, sisi twapiga picha;
nililipenda neno hilo moja la kazi mbili,
niliandika hata kwenye daftari.
Sikuona kwamba pasi hupigwa penye mkunjo.

Mara ya tisa nikauliza, nikiwa nyuma ya kamera,
swali la darasani, la wino mwekundu:
"Kazi hii ina maana gani kwako?"
Akainua uso kufikiri.
Pasi ikabaki.

Moshi niliuona kwenye kioo kidogo,
uzi mwembamba unapanda, jua linaupita katikati,
nikawaza: mzuri.
Mungu anisamehe, niliwaza mzuri
kabla sijawaza shati.

Alama kifuani, kahawia, kama jani la mkungu lililokauka.
Mwinyikai hakupaza sauti.
Akaitua pasi juu ya kigae,
akalikunja shati mikunjo minne, kwa adabu,
kama kwamba mwenyewe yuwaja kulichukua.
"Elfu mbili na mia tano. Na Faraj nitamwambia mimi."
Tukatoa ya nauli, tukatoa ya chakula,
Nyamvula akamalizia na sarafu.
Tukarudi Tudor kwa miguu,
Kombo kaipakata kamera kama mtoto mwenye homa.

Siku ya kuonyesha, feni ilikuwa mbovu.
Mwalimu Wakio aliisimamisha filamu penye moshi.
"Hapa," akasema. "Hapa pana filamu.
Huyu mzee mlimfundishaje?"
Kombo akanitazama.
"Tulifanya mazoezi," nikasema.
Tukapewa alama nzuri.
Shati lilikwisha kupata yake.

Jumatatu nikampelekea kwenye simu.
Aliishika mbali na mvuke, kwa ncha za vidole,
dakika tano nzima, hakupepesa,
hata penye moshi hakupepesa.
Akanirudishia.

"Kola," akasema. "Kola hamkuipiga."

Nikamwambia, mbona kifua, mbona mikono, mbona ule mwanga.
"Kifua hata mtoto aweza. Udobi ni kola."

Akavuta shati jingine, sijui la nani,
akaigeuza kola, akainyunyizia maji kwa vidole,
akaanza nchani, nchani tena kwa upande wa pili,
akikutanisha katikati, polepole,
jogoo wa shaba akitikisika kidogo.
Hakuna aliyesema anza.
Kunguru alikuwepo, akilia.
Kamera ilikuwa Likoni, kwa kundi jingine.

Nikasimama mlangoni, nje ya mwanga wake,
nikatazama.