Zinki Imechoka

Alikuja Februari ya mwaka tisini na sita,
theluji ya Waterbury bado mabegani,
saa ya mezani kaiviringisha ndani ya soksi ya sufu.
"Haiwaki tena," alisema Lucille Paquette.
"Nilipokuwa mtoto ilinionyesha njia ya msalani."

Nikazima taa ya karakana, nikashusha pazia.
Tukasimama kama watu
wanaongoja mgonjwa afumbue macho.
Tarakimu hazikutokea. Giza tu, na pumzi zetu,
na harufu ya mafuta ya mashine.

Kazi yangu ni mishale na magurudumu,
lakini vitu ving'aavyo nimevizoea, najua tabia zao.
Kuna vinavyojibu papo hapo:
jiwe la Franklin, ukilimulika kwa urujuanimno,
huwa jekundu kama kaa la moto;
ukiachia swichi, limekwisha, halikujui.
Kuna nyota za plastiki juu ya kitanda cha mwanangu Shomari.
Hizo hukopa. Hula mwanga wa balbu jioni,
elektroni zikanasa kama inzi kwenye asali,
kisha moja moja hujinasua, hushuka,
na kila inayoshuka hulipa chembe ya kijani.
Usiku wa deni haukawii kucha:
ikifika saa nane, dari ni dari.

Na kuna hii.
Hii haikukopa kwa mtu.
Radiamu, pungufu ya punje ya chumvi,
ikakorogwa na zinki na salfa, ikapewa brashi.
Radiamu hupiga, zinki hulia nuru.
Piga, lia. Piga, lia.
Mchana, usiku, ndani ya droo,
ndani ya soksi.

"Mama ndiye aliyeipaka," akasema gizani.
"Ncha ya brashi waliichongoa kwa midomo.
Jumamosi moja akapaka na kucha zake, akaenda nazo dansini."
Akakohoa.
"Nilikuwa na miaka mitatu. Mimi sikumbuki sauti yake,
nakumbuka saa."

Nikatoa kipimo kabatini, nikakisogeza kwenye kioo.
Kikaanza: tk. Tk tk. Kisha mfululizo,
mtama unaomwagika juu ya sinia.

"Zinki imechoka," nilimwambia.
"Imepigwa miaka sabini, fuwele zake zimevunjika.
Anayepiga ndiye hajachoka.
Mpe miaka elfu moja na mia sita, atapungua nusu."

Nikasema na mengine ambayo fundi hana budi kuyasema:
asifungue kioo, asiiweke karibu na mto wake,
kukwangua hapana, vumbi lake si la kuvuta;
mishale mipya ninayo, ya rangi kama nyota za Shomari,
dola kumi na mbili, Alhamisi iko tayari.

Hakuwa akinisikiliza.
Alikuwa ameinama, sikio lenye mashine
likikaribia kipimo, kinywa wazi kidogo.

"Usikizime kwanza," akasema.

Sikukizima.
Nje gari la kusukuma theluji likapita,
taa yake ya njano ikapenya ukingo wa pazia, ikazunguka chumba,
na kwa muda wa kupepesa jicho nikaiona tarakimu nane,
rangi ya chai iliyochacha,
na pale kitanzi kinapojifunga
mkono wa mtu ulitetemeka kidogo,
ukavuka mstari.