Kadibodi Chini ya Gari

Kila asubuhi, kabla ya kahawa,
shangazi Haykanush huvuta kadibodi chini ya Zhiguli
na kulizungushia doa jipya penseli.
Tarehe pembeni. Novemba tatu: sarafu.
Novemba kumi na tisa: kisahani.
Leo doa limetimia uso wa mtoto,
na mlango wa gereji, hapa Gyumri,
haufunguki bila kuipiga barafu nyundo.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Mbona hawakusema haba na haba humaliza galoni?

Sili yenyewe ni pete ya mpira,
bei yake haifiki mikate miwili,
ila imejificha nyuma ya kila kitu.
Kuifikia, shusha propela shafti,
shusha giaboksi (niliikumbatia kifuani
kama mgonjwa anayetolewa kitandani,
mzito, amelowa, hajisaidii),
toa klachi, toa flaiwili:
bolti sita, moja imekataa.
Shangazi hakuitukana.
Aliipasha moto, akavuta sigara nusu,
akairudia taratibu, kama abishaye hodi.
Ikaitika.

Miaka ishirini na miwili aliunga nyuzi kiwandani
kabla kiwanda hakijawa kuta bila paa.
Ndiyo maana vidole vyake vinaona.
“Lete taa. Hapa. Pitisha ukucha.”
Nikapitisha ukucha juu ya krenki,
nikaukuta mfereji, mwembamba kama unywele.
Mpira umekichonga chuma.
Mpira! Ule mlaini, wa kubonyea.
Miaka arobaini ya kugusa pale pale.

Nilidhani ataguna, atasema chuma kimekwisha,
tumpigie baba, kule Rostov,
aliyetuachia gari na ahadi ya kulirudia.
Yeye akaupaka oili mdomo wa sili mpya,
akaigonga kwa kipande cha mti,
huku kidogo, kule kidogo, kote sawa,
wala hakuizamisha hadi mwisho.
Aliiacha nje kidogo, unene wa ukucha,
ili mdomo ukae pasipowahi kuguswa.
“Pa zamani pamechoka,” akasema. “Tusogee.”
Sikujua kama anaongea na sili.

Tukarudisha vyote, usiku ukatukuta.
Nati moja ikazidi, kama kawaida;
akaitia mfukoni bila kunitazama.
Injini ikakohoa mara tatu, ikanguruma,
majirani wakapiga ukuta.

Asubuhi, kadibodi mpya.
Doa. Dogo, karibu na ukingo.
Moyo wangu ukashuka pamoja na giaboksi.
Shangazi akachukua penseli,
akalizungushia, akaandika tarehe,
ndipo akaligusa, akanusa kidole.
Maji. Theluji ya matairi.

Adhuhuri lilikuwa limekauka.
Duara bado lipo, na tarehe yake,
limezingira kadibodi tupu.