Swali la Tisa

Wenye pwani husema elimu ni bahari.
Sisi wa Aizawl bahari tunaisikia tu.
Tuna ngazi, ngazi juu ya ngazi,
nyumba zimeung'ang'ania mlima kwa kucha,
na Jumapili, kabla ukungu haujainuka bondeni,
wazee wanazipanda kwenda darasani.

Kwetu Shule ya Jumapili haimwachi mtu.
Unaingia ukiwa na meno ya maziwa,
unatoka ukiwa umebebwa.
Na kila mwaka kuna mtihani:
karatasi, msimamizi, kengele,
bibi na bibi wametenganishwa wasitazamiane.

Mimi ndiye ninayesahihisha.
Miaka ishirini na sita, shahada moja,
na kalamu nyekundu niliyoipenda kupita kiasi.

Pi Biakengi ana sabini na minane.
Anauza tangawizi kwenye ngazi za hospitali,
penseli huichonga kwa kisu kilekile,
hata karatasi yake naijua kwa harufu
kabla sijasoma jina.
Miwani ina mkono mmoja; wa pili ni uzi.
Kusoma alianza akiwa na hamsini na mitatu,
mwaka waliomzika mwanawe Lalruata.

Swali la tisa halibadiliki:
*Kusamehe ni nini? Eleza. Toa mfano.*
Kueleza, alieleza. Neno kwa neno, nilivyofundisha,
herufi zimesimama wima kama mianzi.
Kisha, penye mfano, mstari mmoja:
*Mfano sina. Niulize mwakani.*

Nikampa nusu. Mwaka uliofuata, nusu.
Wa tatu nikamfuata hadi kwenye tangawizi.
"Pi, andika mfano wowote. Wa Yusufu na kaka zake.
Kila mtu huandika wa Yusufu."
Akanitazama juu ya ule uzi.
"Huo ni wa Yusufu," akasema. "Robo kilo, au nusu?"

Mtaa mzima ulijua, isipokuwa mwalimu.
Lori lililomuua Lalruata kwenye kona ya machimbo
aliliendesha Pu Chhuanvawra,
anayekaa ngazi kumi na nne chini ya mlango wake.
Breki, walisema. Pombe, walisema.
Miaka ishirini na mitano mama yule alipita pale
macho kwenye miguu, akihesabu.

Machi hii matangi yalikauka.
Gari la maji halikuja siku kumi na moja,
na Pu Chhuanvawra kiharusi kimemlaza upande,
hana wa kumpandia na ndoo.
Walioona wanasema Pi Biakengi alisimama ngazi ya saba
muda wa chai kuchemka,
ndoo mkononi, maji yakimlowesha ndara;
mmoja akadhani bibi amesahau njia.
Kisha akashuka saba zilizobaki.

Mtihani niliusahihisha usiku, mvua ikipiga bati.
Swali la tatu: amechanganya wafalme. Sifuri.
La tano: mitume amewahesabu kumi na watatu;
nilicheka, nikakata alama.
La tisa.
Yale maelezo mazuri hakuyaandika kabisa.
Pengine muda ulimwishia. Pengine.
Penye mfano palikuwa na haya:
*Nilishusha ndoo. Ilifika nusu.
Kesho nitabeba polepole.*

Mwongozo unasema: maelezo tano, mfano tano.
Kwa hesabu ya mwongozo, ni nusu tena.

Niliiweka kalamu. Nikavuta karatasi tupu,
nikajiuliza mwenyewe lile swali.
Maelezo yalijaa ukurasa, na mwandiko ulipendeza.
Penye mfano nikamkumbuka kaka yangu, yuko Shillong,
na ile nyumba ya baba, na simu nisizopokea.
Mvua ikakatika. Mstari ulikuwa bado mweupe.

Jumapili iliyopita amekuja kujiandikisha tena,
wa kwanza kwenye foleni, uzi wa miwani mpya.
Nimeandika jina lake.
Chini yake, kwenye orodha ya wanafunzi, langu.