Hodi ya Nne

Saa tano usiku, Umoja, ghorofa ya tatu.
Stima imerudi kwa tokeni ya shilingi mia mbili
na mimi niko mbele ya kompyuta
na mtihani wa Sayansi wa Gredi ya Saba,
nakala thelathini na nane, kesho kabla ya kengele.
Printa iko chumbani kwa Ondari.
Hatua sita. Nimezihesabu nikipiga deki.

Kompyuta yangu ni ya waya.
Waya wa njano, umepita nyuma ya kochi,
ukapenya chini ya zulia, ukapanda ukutani
hadi kwenye ruta iliyokalia mkebe wa majani chai.
Printa haina waya. Inanusa hewani
kama paka aliyesikia omena ya jirani.

"Printa haipatikani," yasema skrini.
Haipatikani! Nami naisikia ikikohoa kule ndani.

Nikafanya ninayoyajua.
Nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini kwa sauti,
nikaiwasha; taa zikakonyeza, nyekundu, kisha kijani.
Nikachomoa waya, nikaupuliza kichwa
kama uji wa mtoto.
Tundu la pili. Tundu la tatu.
Kompyuta ikaniletea mvua ya Oslo,
mechi ya Lima, bei ya nyanya Marikiti.
Ulimwengu mzima ulinifungulia
isipokuwa chumba cha pili.

Mutinda, simuni kutoka Athi River, akipiga miayo:
"Nisomee anwani zao."
Mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta,
moja, nukta, kumi: hiyo yangu.
Ya printa hivyo hivyo, neno kwa neno,
ila mwisho ni ishirini na tatu.
"Ukoo mmoja," akasema. "Hakuna ruta ya pili katikati.
Sasa ipigie hodi."

Kumbe mashine nazo hupiga hodi.
Nikaandika amri, nikabonyeza.
Kimya. Muda umekwisha.
Kimya. Muda umekwisha.
Kimya.
Kwetu hodi ni tatu; usipojibiwa unarudi ulikotoka.
Mashine haikulelewa hivyo. Ikapiga ya nne.
Muda umekwisha.

"Basi kuna komeo ndani ya ruta yenyewe.
Ingia kwenye mipangilio, upande wa waifai.
Shuka. Shuka tena. Waona palipoandikwa Tenga Vifaa?"
Naona.
"Kuna tiki?"
Kuna.
"Aliitia nani?"

Nywila ya ruta ni jina la mbwa tuliyemwacha Keroka.
Tunaoijua ni wawili.
Na tarehe iko pale pale, ruta haisahau:
tisa Machi, saa sita na dakika nne usiku,
siku niliyofungua, kutoka kiti hiki,
faili za sauti za Ondari
nikazicheza mezani mbele ya mjomba wake.
Sikuwa na nia mbaya.
Nilisema tu anaanza kukoroma kama marehemu babake.
Mjomba alicheka. Mimi pia nilicheka.
Yeye aliondoa sahani yake, akaiosha.

Tangu hapo hata yeye hachapishi nyumbani.
Hununua kurasa saiba, shilingi kumi kumi,
nami nikidhani ni ujana tu.

"Itoe hiyo tiki, dada, ulale," Mutinda akasema.
Kishale kilikuwa juu yake. Kilitetemeka kidogo.
Nikamshukuru, nikakata simu.
Tiki nikaiacha.

Nikaunakili mtihani kwenye flashi,
ile yenye kifuniko kilichopotea,
nikatembea hatua zangu sita.
"Hodi."
Mwanga chini ya mlango haukusogea.
"Hodi."
Kitanda kikalia.
"Ondari, hodi. Nina kurasa mbili.
Na lile la Machi."

Nikangoja. Jirani wa juu alikuwa akiburuta kiti.
Nikainua mkono kwa ya nne.