Pete Iliyokatwa

Kidonge nilimpa mimi.
Jino lilimkesha Jokola siku mbili
akizunguka jiko la kuni kama dubu aliyefungiwa,
nikakumbuka pakiti aliyoiacha binamu,
vimebaki vinane, jina limefutika nusu:
...silini.
Meza, nikasema, utalala.
Akameza kwa maziwa. Akanishukuru.

Theluji ilikuwa imefunga njia ya Mestia tangu Jumanne.

Kwanza viganja. Vinawasha, akacheka,
labda nitapata pesa.
Kisha shingo ikajichora ramani,
visiwa vyekundu, visiwa vikaungana, vikawa bara.
Mdomo ukaumuka. Pete ikazama kidoleni.
Na sauti yake, ile inayoita ng'ombe
kutoka ng'ambo ya bonde,
ikatoka nyembamba, filimbi
ya mtoto anayejifunza.

"Asisimame," alisema mwanamke wa simu ya dharura,
"hata akikuomba hewa ya nje. Mlaze, miguu juu.
Nani hapo kijijini ana adrenalini?"
Nusura nicheke. Tuna jibini. Tuna minara ya mawe
ya mababu waliowahofia maadui wa nje.
Kisha nikamkumbuka Bimurza.

Bimurza ni daktari wa ng'ombe.
Aliingia na viatu vya zizini,
akapiga goti, akauliza kama aulizavyo daima:
"Ana kilo ngapi?"
Sikujua.
Miaka kumi na tisa kitanda kimoja,
uzito wa mume wangu sikuujua.
Akasoma chupa mara mbili chini ya taa,
simu ikimtajia kiasi, naye akikirudia kwa sauti
kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali,
akamchoma pajani, suruali na yote.

Tukangoja. Dakika tano.
Filimbi bado.
"Nyingine," ilisema simu.
Mikono inayovuta ndama gizani
bila kutetemeka
ilitetemeka.

Halafu kikohozi. Kirefu, kichafu.
Sijapata kusikia kitu kizuri kama kile.

Saa tisa usiku trekta la theluji lilifika,
ambulensi ikilifuata kisiginoni.
Muuguzi aliikata pete kwa koleo.
"Tunaondoka naye," alisema, "hata kama anapumua.
Hii hujifanya imekwenda, kisha ikarudi."
Jokola alitaka kuaga ng'ombe. Tulimkatalia.

Jino liling'olewa wiki iliyofuata.
Sasa mfuko wa shati lake una kadi
yenye jina la dawa, herufi zote,
na Bimurza akipita humwita fahali wangu,
naye hujibu kwa kulia moo.

Pete iko dirishani, mdomo wazi.
Sonara wa mjini angeiunga kwa nusu saa.
Hakuna aliyempelekea.

Hajanilaumu hata siku moja,
na hilo ndilo ninalolimeza
kila usiku, bila maji.